Tiketi lazima iijue safari yake, abiria si lazima

Vijana ninaowasaidia kujifunza Java, lugha ya kuandikia programu, hapa Unguja wana pahala pao pa kukwama: klasi (ramani ya kuundia vitu vya programu) iliyomo ndani ya klasi nyengine. Basi huwapa mfano wa boti ya Pemba. Tuna klasi Safari, yenye tarehe, nauli, bandari ya kuondokea Malindi na ya kushukia Mkoani. Ndani yake zimo Tiketi na Abiria.

Tiketi ukiiandika bila static (neno la kuifanya klasi ya ndani isifungwe na kitu cha klasi ya nje), kila tiketi inabeba kimyakimya kiungo cha safari iliyoitoa. Ndiyo maana ukiandika new Tiketi() ndani ya main, pale programu inapoanzia na ambapo hakuna safari yoyote, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) inagoma, inataka safari.new Tiketi(). Wengi huchomeka static papo hapo ili kosa liondoke. Mimi naipa haki kompaila: tiketi ya boti ipi hiyo? Nauli itaisoma wapi?

Abiria ni mwengine. Jina na namba yake ya simu ni vyake, boti iondoke isiondoke. Huyo mpe static. Ukimwacha bila hiyo, orodha ya abiria unayoiweka muda mrefu inaweza kuzishikilia safari zilizokwisha zamani, memori isisafishike. (Kompaila ya JDK 18, yaani vifaa vya kutengenezea programu za Java, na kuendelea hukiondoa kiungo kisichotumika, lakini mimi sitegemei hisani hiyo.) Kwa hiyo anza na static, uiondoe pale tu klasi ya ndani inapohitaji data za kitu cha nje. Na usiogope private, neno la kuficha data ndani ya klasi: klasi hizi zinaonana siri zake, static au si static.

Sasa konstrakta, sehemu ya klasi inayoandaa kitu kipya kinapoundwa. Jina lake ni la klasi, wala haina aina ya kurudisha. Ukiandika void Tiketi() umetengeneza methodi ya kawaida, na kompaila haitakugombeza, balaa tupu.

Usipoandika konstrakta yoyote, Java inakupa moja isiyo na vigezo. Ukiandika yako inayopokea Abiria, ile ya bure hupati tena. Hapo TiketiYaMtoto inayorithi Tiketi inakataa kukompailika, kwa sababu konstrakta hazirithiwi, na Java imejaribu kuita super(), yaani konstrakta ya klasi mama isiyo na vigezo, ambayo haipo. Andika mwenyewe super(abiria), tena mstari wa kwanza. Java 25 ya mwaka 2025 inaruhusu kukagua vigezo kabla ya mstari huo. Matoleo ya kabla ya 22 hayaruhusu, na 22 hadi 24 yaliruhusu kwa majaribio tu (preview).