Paundi, kura ya Brexit na watu wa chati moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhazini wa kikundi cha wafugaji nyuki huku Manyoni, tuna milioni sita benki tumeziweka za kununua mizinga. Kuna kijana kaja anafundisha foreksi, ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni, anasema hela tuiweke kwenye paundi kwa mkopo wa dalali, maana Waingereza walipopiga kura kutoka Ulaya wachumi wote walitabiri nchi itaanguka na haikuanguka, kwa hiyo paundi ilionewa tu na lazima irudi ilikokuwa. Katutumia na chati, nimekuambatanishia. Mwenyekiti kashawishika kabisa. Katibu yeye anabisha, anasema Uingereza ilishakufa kiuchumi na hata asali yetu haitanunuliwa kule. Kikao kiliisha watu wananuniana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mhazini. Hela isiguswe, nunueni mizinga, hilo nalimaliza hapa hapa ili hata usiposoma mpaka mwisho usije ukasema sikukwambia.

Sasa kuhusu nani yuko sahihi, hakuna. Mwenyekiti na katibu wote wamekosea tena kosa moja, ila kila mmoja kaliingia kwa mlango wake. Na nakuwa mkali kidogo maana swali hili naulizwa kila wiki, juzi tu kaniuliza fundi wangu wa gari pale Majengo, yuko chini ya gari anabishana na mwenzake kuhusu Brexit, mi nasubiri gari.

Kosa lenyewe: mtu anachukua Uingereza ya kabla ya 23 Juni 2016, siku ya kura ya Brexit, yaani ya kutoka Umoja wa Ulaya, anaiweka pembeni ya Uingereza ya baada, anatoa hiki kwa kile, afu anakwambia tofauti ndo matokeo ya kura. Ikiwa imepanda basi kura ilikuwa nzuri, ikiwa imeshuka ilikuwa mbaya. Hapana jamani. Uchumi wa nchi kubwa kama ile karibu kila mwaka unakua kidogo hata viongozi wakilala usingizi. Swali siyo umekua au haujakua, swali ni ungekuwa wapi kama kura ingeenda upande mwingine.

Yaani tatizo lote liko kwenye -nge-. Lugha yetu imetupa hicho kiungo bure, mtoto wa darasa la kwanza anakitumia, "ningejua nisingekuja", lakini tukianza kubishana uchumi tunakitupa wote. Angalia Wizara ya Fedha ya Uingereza, Aprili 2016 walitoa makadirio kwamba wakitoka na kubaki na mkataba wa biashara tu na Ulaya, mpaka 2030 pato la taifa lao litakuwa dogo kwa asilimia 6.2. Dogo kuliko nini? Kuliko ambavyo LINGEKUWA kama wangebaki. Hawakusema litapungua kutoka pale lilipokuwa. Hapo unaweza ukakua kila mwaka na bado utabiri ukawa kweli. Kisha wakachukua hilo pengo wakaligawa kwa idadi ya kaya wakapata paundi 4,300 kwa kila kaya, na wakaitangaza hivyo hivyo, watu wakadhani mtu atapita nyumba kwa nyumba anachukua hela. Ile ilikuwa propaganda ya kisomi, nasema wazi, na wachumi wenzangu waliofurahia siku ile wamekuja kulipia baadaye.

Wa upande wa pili, waliotaka kutoka, nao walikuwa na basi lao jekundu limeandikwa tunapeleka Ulaya paundi milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya takwimu ya kwao wenyewe iliwaambia hiyo namba inapotosha maana hamjatoa punguzo mnalopewa. Basi likaendelea kutembea.

Nikupe mfano wa hapa kwetu. Mwezi mmoja tu baada ya kura yao, Julai 2016, Rais Magufuli alitangaza serikali inahamia Dodoma. Leo muulize dalali yeyote wa viwanja huku Nala au Ihumwa, atakwambia bei imepanda kutoka hapa mpaka pale na yote ni kwa sababu ya serikali kuhamia. Haya, ili ujue serikali imeongeza kiasi gani unahitaji Dodoma nyingine ambayo serikali haikuhamia, na haipo. Cha karibu unachoweza kufanya ni kwenda Singida, Iringa, Morogoro, ukaangalia viwanja vya huko vimepanda kiasi gani miaka hiyo hiyo, kwa sababu navyo vilipanda wala hawakuhamiwa na wizara yoyote. Kile ambacho Dodoma imezidi, hicho ndo unaweza kuanza kukisingizia serikali. Tena hapo utabishiwa, mtu atasema Morogoro nayo ina SGR kwa hiyo siyo kipimo safi, na atakuwa na hoja.

Wachumi walioshughulika na Brexit kwa makini walifanya hicho hicho. Wakachukua nchi ambazo kabla ya 2016 uchumi wao ulikuwa unatembea kama wa Uingereza, Marekani imo, Ujerumani imo na nyingine, wakazichanganya mpaka zikatengeneza kama pacha wa Uingereza ambaye hakupiga kura, wakamwangalia pacha kafika wapi. Baadhi walipata Uingereza halisi iko nyuma ya pacha wake kwa karibu asilimia 5. Wapinzani wakasema pacha wenu mmempa Marekani nyingi mno na Marekani miaka ile ilimwaga matumizi ya serikali ikakua kupita kiasi. Huo ndo ubishi halali. Ofisi huru ya bajeti ya kwao, OBR, yenyewe imesimama kwenye hasara ya asilimia 4 ya tija kwa muda mrefu, na hiyo haikuja usiku mmoja, ni kama tairi lenye tundu dogo, unaendesha unafika lakini unalijaza upepo kila mara.

Hapo katibu asifurahi mapema. Asilimia 4 siyo kufa. Nchi iliyokufa haina ukosefu wa ajira unaoshuka, na kule ulishuka kutoka karibu asilimia 4.9 katikati ya 2016 mpaka chini ya 4 mwaka 2019.

Na mwenyekiti namuunga mkono kwenye jambo moja, wachumi walichemka kweli. Mei 2016 ile ile Wizara ya Fedha ilitoa karatasi nyingine ya muda mfupi, ikasema kura ya kutoka itawaingiza kwenye mdororo ndani ya mwaka na watu nusu milioni watakosa kazi. Haikutokea. Kwanza waliona kama kesho yake tu nchi itaanza kutoka, na kweli waziri mkuu wao, Cameron, alikuwa amesema barua ya kutoka angeipeleka moja kwa moja, badala yake akajiuzulu na barua ikaenda 29 Machi 2017. Pili Benki Kuu yao haikukaa inatazama, Agosti 2016 ikashusha riba kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25. Tatu Mwingereza wa kawaida aliendelea kununua vitu kama vile hakuna kilichotokea, wachumi walidhani ataogopa, hakuogopa. Lakini ule ulikuwa utabiri wa hofu, watu wataogopa kiasi gani, wakati ule wa 2030 ni wa biashara, mpakani patakuwa pagumu kiasi gani. Kukosea wa kwanza hakufuti wa pili. Daktari akikwambia homa itakushika kesho isikushike, haimaanishi na sukari huna.

Tena taratibu za mpakani zenyewe hazikubadilika hadi 1 Januari 2021. Walitoka rasmi 31 Januari 2020, wakapewa miezi kumi na moja ya mpito, humo humo ikaingia Korona, uchumi wao ukaanguka kwa karibu asilimia 10 mwaka huo, hawajakaa sawa vita ya Ukraine ikaja na bei ya gesi. Mkulima wa Kongwa amebadilisha mbegu ya mtama, mwaka huo huo kwelea kwelea wakashuka, unaofuata mbolea ikapanda, afu unamuuliza mbegu mpya vipi? Atakwambia chochote kulingana na aliyemuuzia.

Sasa kijana wenu. Kweli usiku ule wa kura paundi ilikuwa karibu dola 1.50, asubuhi iko chini ya 1.33, haijawahi kuwa chini hivyo tangu 1985. Ila bei ya pesa siyo cheti cha afya ya nchi. Hisa za makampuni makubwa ya London, FTSE 100, zilimaliza 2016 zikiwa juu, waliotaka kutoka wakazirusha kila mahali kama ushahidi, kumbe makampuni yale sehemu kubwa yanauza nje kwa dola, paundi ikishuka mapato yao kwa paundi yanavimba. Aliyeumia ni mama wa sokoni kule, mfumuko wa bei ukafika asilimia 3.1 Novemba 2017. Na siku mbaya kabisa ya paundi kwa dola, 26 Septemba 2022, ilipogusa kama 1.03, ilitokana na bajeti ya waziri mkuu wa wakati huo, Liz Truss, kura ilishapita miaka sita.

Hilo neno "lazima irudi" ndo linaloniudhi kuliko yote. Lazima kwa sheria ya nani? Mnaambiwa tena kwa mkopo wa dalali, ule wa shilingi moja inashika mia, kwa hiyo bei ikisogea asilimia 1 tu upande usio wenu mtaji umekwisha, na usiku ule wa Juni ilisogea zaidi ya 8. Muulize leseni yake ya kushauri uwekezaji kutoka CMSA, mamlaka yetu ya masoko ya mitaji, iko wapi, uone atakavyobadilisha mada aanze kukuonyesha picha za gari. Nimeona vikundi viwili mwaka jana vikiishia hivyo, kimoja cha akina mama wa zabibu, hela ya miche yote, na kijana aliyewaingiza alipotafutwa alishahamia mkoa mwingine anafundisha darasa jipya.

Siyo foreksi tu. Yeyote anayekuja na chati moja, awe mwanasiasa, muuza mbolea, muuza viwanja, angalia kwanza chati inaanzia wapi, maana ukiniruhusu kuchagua siku ya kuanzia nitakuthibitishia chochote. Sisi wenyewe kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa ifanyike 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, siku ikirudi nawahakikishia watakuja na chati zao pande zote mbili.

Asali yenu ni jambo dogo. Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazoingiza bidhaa Uingereza bila ushuru, kutoka Ulaya hakukulifuta hilo, 2023 waliubadilisha tu mpango wakauita DCTS. Kitakachowakwamisha ni vipimo vya maabara na vifungashio, na hapo mizinga mizuri inasaidia kuliko paundi.

Ile chati uliyonitumia nimeiangalia. Inaanzia Oktoba 2022, mara tu baada ya paundi kugusa chini kabisa, kwa hiyo inapanda tu, nzuri kama ngazi. Mwambie airudishe nyuma mpaka Julai 2014, paundi ilipokuwa kama dola 1.71, aone ilivyokuwa imeshashuka mpaka karibu 1.40 Februari 2016 kabla hata kura haijapigwa, afu awaambie inarudi wapi kati ya hapo. Akiituma nitumie na mimi.