Tyubu ya heli na neoni inayowaka na kuzimika: anza na rezista

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba tyubu yako ya leza huwaka na kuzimika mfululizo ingawa pawa saplai ni nzima, na kwamba uliihamisha rezista (kifaa kinachozuia mkondo wa umeme) mbali na tyubu ili upate nafasi. Katika tyubu nilizozihudumia, tatizo la namna hiyo lilitokana na rezista mara nyingi zaidi kuliko gesi.

Gesi iliyokwisha kuwaka haifuati tabia ya waya: mkondo ukiongezeka, ayoni (chembe za gesi zenye chaji) nazo huongezeka, na volteji kati ya anodi (ncha chanya) na kathodi (ncha hasi) hushuka badala ya kupanda. Ikiachwa bila kizuizi, mkondo hupanda ovyo au huyumba hadi mwako uzimike. Rezista iliyo upande wa anodi, ambayo kwa tyubu ndogo huwa takriban kiloomu 75, ndiyo inayoutuliza mkondo huo. Kwa miliampea 5 hubeba volti 375 na kutoa joto la karibu wati 2, hivyo ichague yenye uwezo mkubwa zaidi ya huo. Lakini thamani sahihi pekee haitoshi. Waya unaobaki kati ya rezista na anodi hukusanya chaji kama kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi chaji), na chaji hiyo huingia kwenye gesi bila kuzuiwa na chochote, ndiyo maana rezista inapaswa kukaa sentimita chache tu kutoka anodi.

Kathodi ni ile silinda pana ya alumini iliyo ndani ya kioo. Usiigeuze kamwe kuwa chanya, kwa sababu ayoni zitaupiga mwisho mdogo wa tyubu na kurusha chembe za metali juu ya kioo cha kuakisi.

Ukishafupisha waya, pima mkondo upande wa kathodi, ambako volteji iko karibu na ile ya ardhi, yaani sifuri. Upande wa anodi uache, kwani kuwasha huhitaji kilovolti 5 hadi 10, na kapasita za pawa saplai hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Mkondo ukiwa chini ya kiwango cha mtengenezaji, huo pekee unatosha kuizima tyubu. Ukiwa sahihi na tyubu bado inazimika, tazama mwako wenyewe: gesi safi huonyesha waridi lenye uchungwa, na ukiuona umeelekea zambarau au samawati, gesi imechafuka.