Kabla hujaandika "mayai" kwenye daftari lako

Mwanafunzi akija Kigoma kwa mafunzo ya vitendo, kazi ya kwanza ninayompa ni kugeuza jiwe. Sisimizi wanatawanyika, kila mmoja kabeba kitu cheupe, naye anaandika haraka: "wanahamisha mayai." Mara nyingi hayo si mayai. Yai la sisimizi kwa kawaida halifiki milimita moja. Bila lenzi utaliona kama punje ya chumvi. Ukiona mzigo unalingana na mbebaji, hilo ni buu, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai, au pupa, yaani buu anayegeuka kuwa sisimizi mzima.

Buu halina miguu, limejikunja, kazi yake kulishwa. Pupa ndiye anayewachanganya wengi. Vunja gogo lililooza penye wale sisimizi wakubwa weusi, utakuta vifuko vya hariri vya rangi ya kaki vyenye doa jeusi upande mmoja. Doa hilo ni taka za tumboni: buu huzibana maisha yake yote, akazitoa mara moja anapokaribia kugeuka. Ukiona doa, usibishane na mtu, hiyo ni pupa.

Maji moto, sisimizi wa kwenye miembe, wao hawana vifuko. Sisimizi wafanyakazi hubana mabuu kwa taya na kuwapitisha huku na huku kati ya majani, na uzi wa hariri unaotoka mdomoni mwa buu ndio unaoshona kiota. Hariri yote inaishia kwenye nyumba, kwa hiyo pupa wao wako uchi, na miguu iliyokunjwa unaiona wazi. Vaa mikono mirefu, na muombe ruhusa mwenye mwembe kwanza. Wapo wasiotaka maji moto wao waguswe, na wana haki, maana sisimizi hao huwala wadudu waharibifu.

Ukihitaji mayai yenyewe, njoo asubuhi, jua likianza kupasha mawe. Wafanyakazi huyapandisha mayai na mabuu karibu na juu kupata joto, mchana ukiwaka wanayashusha. Tumia brashi ndogo ya kuchorea iliyoloweshwa kidogo. Mayai yameshikamana, yachukue kwa fungu, usichambue moja moja. Na wachukue wafanyakazi wachache pamoja nayo. Bila wao kuyalamba yataota ukungu, na kazi yako itaishia hapo. Usitegemee yote yaanguliwe pia, kwa sababu aina nyingi hutaga mayai ya chakula tu, ya kuwalisha mabuu au malkia. Yaliyorutubishwa huwa majike, yasiyorutubishwa huwa madume.

Mchwa msiwaweke kwenye ukurasa huu. Ni jamaa wa mende, na mtoto wao anatoka kwenye yai akiwa na miguu tayari, wala hapiti hatua ya pupa. Kila mwaka lazima nifute ukurasa wa mtu kwa ajili ya hilo.

Ukimaliza, rudisha jiwe lilivyokuwa, upande uleule chini. Kesho mwenzako atalihitaji.