Treo 650 au Nokia 9500: ipi ya kuandikia?

Ndugu, nimekuelewa: umeletewa simu mbili za zamani, Treo 650 na Nokia 9500, kwa bei moja, na unataka kuandikia shajara mbali na kelele za simu ya sasa. Zote mbili ni za mwaka 2004, lakini kila moja ina mtu wake wa kumfaa.

Mimi ningechukua 9500. Ukiifunua inakuwa kompyuta ndogo: kibodi ya vidole vyote na skrini pana ya nukta 640 kwa 200, sentensi ndefu unaiona yote. Ina Wi-Fi pia, ingawa tovuti za leo nyingi hazitafunguka. Ubaya wake ni uzito, gramu 222, na haitetemeki simu ikiita.

Treo inakaa mfukoni vizuri na skrini yake ya kugusa ni safi, ila vitufe ni vya dole gumba. Kurasa mbili tu, umechoka. Usikubali kupewa Treo 600 badala yake. Hiyo ikiisha chaji kabisa, kumbukumbu inafutika. Mimi nilipoteza namba zangu zote hivyo, na hadi leo wapo watu sijawapata tena. 650 haina tatizo hilo.

Kabla hujalipa, fungua na kufunga 9500 mara kadhaa uone kama skrini ya ndani inazimika. Treo iangalie tundu la laini. Za CDMA, aina nyingine ya mtandao wa simu, hazina. Betri ikiwa imevimba, usiichaji wala usiichokonoe, mpelekee fundi.