Kubishana kuhusu sheria za bunduki

Ndugu, umeuliza ufanyeje na shemeji yako wa Marekani anayekuita adui wa uhuru kila ukitaja sheria kali za bunduki. Kwanza muulize anaogopa nini. Nilibishana miezi na jamaa mmoja, hadi aliponisimulia usiku mlango wake ulipovunjwa, watoto wakiwa chini ya kitanda. Nikanyamaza.

Halafu shikeni jambo moja tu: ukaguzi wa mnunuzi, yaani kuchunguza rekodi zake kabla ya kuuziwa bunduki. Sheria ya Brady ya Marekani ya 1993 inawabana wauzaji wenye leseni wafanye ukaguzi huo, lakini asiye mfanyabiashara akimuuzia mtu wa jimbo lake, sheria ya shirikisho, ile ya nchi nzima, haidai ukaguzi. Hapo mna la kuzungumza. Akikwambia Australia, ilipokaza sheria zake za bunduki mwaka 1996, haikuwa na haki ya silaha katika katiba kama Marekani, mkubalie, ni kweli.