Mke wangu anapinga mateso kwa magaidi, ni huruma za kike?

SWALI: Habari za kazi. Juzi mimi na wife tulikuwa tunaangalia taarifa ya Guantanamo, lile gereza la Marekani kule Cuba, tukaanza kubishana, mimi nikasema gaidi ukimbembeleza hasemi kitu, bora abanwe mpaka ateme, yeye akasema huo ni unyama tu. Nikamwambia nyie wanawake mna huruma zilizopitiliza. Amenuna mpaka leo. Hivi kweli wanaume na wanawake wanaliona hili tofauti?
Baba Naima, Tanga

JIBU: Tofauti ipo Baba Naima, ila sio kubwa kama unavyodhani. Marekani wameuliza watu swali hili tangu baada ya Septemba 11, 2001, na kwenye kura nyingi za maoni wanaume ndo wanaokubali zaidi mahojiano ya mabavu, kama ile ya kumlaza mtu chali na kummiminia maji usoni mpaka ahisi anazama (Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga hiyo Septemba 11, alifanyiwa mara 183, mwezi mmoja, Machi 2003). Lakini ukitaka kubashiri Mmarekani atajibu nini, muulize chama chake kwanza, maana pengo la Republican na Democrat ni kubwa kuliko la mume na mke. Mwanamke wa Republican na mwanamke wa Democrat wanaweza wasielewane kabisa hapo.

Halafu hiyo ya huruma inanisumbua kidogo. Tafiti nyingi zinaonyesha wanawake ndo wanaosema wanaogopa ugaidi zaidi, kwa hiyo sio kwamba hatari hawaioni, wanaiona na bado mabavu hawayataki. Na wapo waliokuwa upande wa pili kabisa: Gina Haspel alisimamia gereza la siri la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kule Thailand mwaka 2002, na 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza shirika lenyewe. Wakati huohuo aliyepiga kelele kwenye bunge la Marekani kupinga mateso ni seneta John McCain, mwanaume, mwanajeshi wa zamani, aliyeteswa mwenyewe Vietnam.

Sasa hiyo ya kubanwa mpaka ateme, tuangalie ya kwetu. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar alishtakiwa New York kwa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar, Agosti 7, 1998. Alikamatwa Pakistan 2004, CIA wakamficha na kumhoji kwa mabavu, akataja mtu, na huyo mtu ndo alitegemewa awe shahidi mkubwa wa serikali. Ilipofika 2010 jaji akamkataa shahidi, kwa sababu jina lake limepatikana kwa mateso. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280, Ghailani akakutwa na hatia kwa moja tu. Kifungo cha maisha alipata, sawa, ila waendesha mashtaka waliponea chupuchupu.

Na jambo moja, barua yako yote imejaa sababu zako wewe, za mkeo hakuna hata moja. Ulimuuliza kwa nini anapinga?