Dawa ipulizieni tambara, si reli

Jumatatu nilimuona kijana wetu mmoja pale chini ya mwembe, tulipokilaza kile kipande cha reli kilichotoka bara. Ameshapaka vizuri wino mwekundu, ule unaozama ndani ya nyufa za chuma ili tuzione, kisha akashika kopo la dawa ya kusafishia akaipulizia reli moja kwa moja. Moyo ukanilipuka. Wadogo zangu, hapa Unguja reli ya Bububu iliyoanza 1905 imebaki hadithi. Kazi iko bara, na huko mie sitakuwa nyuma yenu.

1. Kutu itoeni kwa mkono, maana hewa yetu ya chumvi huipaka kwa usiku mmoja tu. Jiwe la kusagia msiliguse kabla ya wino: chuma cha juu hulala kikaufunga mdomo wa ufa.

2. Wino ukiambiwa uachwe dakika 10, ni 10.

3. Kufuta. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye kona moja huko bara, jua kali, treni inasubiriwa, mnyapara anatazama saa. Nikaona tambara litanichelewesha. Nikapuliza dawa reli yote ikang'aa, nikatia unga mweupe unaouvuta wino utoke ndani ya ufa, ukabaki mweupe pe. Nikaandika "salama", nikasaini. Kumbe dawa imeingia ndani ya nyufa na kuutoa wino wote.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja wa genge la mafundi wa njia ya reli, hana kipimo chochote mkononi, alipita alfajiri umande ukikauka. Juu ya reli kumeshakauka, lakini ukingo wa ndani wa reli ya nje umebaki na vistari vya maji, vimelala upande mmoja kama miba ya samaki. Akaniita: "Njoo mwanangu, hivi nini?" Nikapiga magoti, nikaanza upya. Safari hii nilifuta kwa tambara, polepole, nikatia unga. Vistari vyekundu vikachomoza kimoja kimoja mpaka nikaacha kuvihesabu. Mzee hakunigombeza. Alinishika bega tu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Treni zikapunguzwa mwendo hadi reli ikabadilishwa, na hakuna aliyeumia. Lakini wiki mbili nzima watu na watoto wao walipita juu ya saini yangu, na hadi leo nikishika kalamu nawaona.

4. Altrasoniki, kipimo kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya reli, isiwatie kiburi. Nyufa fupi za juu hurudisha sauti, na ule uliozama chini yake usiuone. Ndiyo maana uso wa reli tunaupima kwa mkondo wa edi, yaani umeme unaozungushwa kwenye ngozi ya chuma. Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, reli yenye nyufa za jamii hii ilivunjika vipande zaidi ya 300 na watu 4 wakafa. Ubovu ulikuwa umeshajulikana, reli mpya imeshaletwa, haijatiwa tu. Kwa hiyo mkiona, andikeni, halafu fuatilieni. Mkubwa akichoka kuwasikia, mwambieni tena.

5. Doa jeusi lililobonyea katikati ya njia ya gurudumu: andikeni kilomita na upande, pigeni picha pamoja na rula.

Jumamosi tukutane saa 12 na nusu asubuhi, umande haujakauka. Kila mmoja aje na matambara ya pamba yasiyotoa nyuzi. Yule wa kopo ataanza yeye kufuta, na mie nitakaa pembeni yake.